Sura ya Tano: Haki ya Kipimo

Magari ya Fuso yanayopanda ukingo wa Kabasha kutoka tambarare ya Rwindi, yakinguruma kwa gia ndogo na kuegemea upande wa mlima hadi yafike Kanyabayonga, yana nasaba ambayo aghalabu haitajwi na abiria wanaoketi juu ya magunia. Jina la Fuso lilianza kutumika mwaka 1932 katika nyumba ya Mitsubishi, nayo nyumba hiyo hiyo, kwa mikono ya mafundi wake wa Nagoya, ndiyo iliyounda ndege ya kivita iliyotia hofu kuanzia visiwa vya Hawaii hadi Ceylon, ambayo Wajapani waliiita Rei-sen na maadui zao wakaiita Zero. Watoto wa Kanyabayonga, wa Lubero na wa Butembo huchonga Fuso za mbao kwa visu vya jikoni, wakazitia magurudumu yaliyokatwa katika kandambili zilizochakaa. Na mtu mzima akisimama karibu nao kwa subira atasikia wakihojiana kwa ukali unaostahili baraza la wazee: kwamba taa zimewekwa juu mno, kwamba Fuso ya namna ile ina magurudumu mawili mawili nyuma wala si moja moja, kwamba tshukudu, yaani ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyochongwa na fulani ina usukani mfupi na shehena yake ingemwangusha mwenyewe kwenye mteremko wa kwanza. Hukumu hiyo ya watoto, ambayo haina huruma wala haina chuki, ndiyo mada ya sura hii. Kwa sababu ulimwenguni wapo watu wazima, maelfu kwa maelfu, ambao huifanya kazi hiyo hiyo juu ya mifano midogo ya ndege za Kijapani za vita vya 1939 hadi 1945, na hoja zao zina manufaa makubwa kuliko mtu anavyodhani anapoziona kwa mbali.

Ndege yenyewe kwanza. Mhandisi Jiro Horikoshi wa Mitsubishi alitakiwa na jeshi la majini la nchi yake aunde ndege iendayo mbali, ipande upesi, igeuke kwa wepesi na ibebe mizinga, mambo ambayo kwa desturi huzuiana. Naye akaifikia shabaha hiyo kwa kupunguza uzito kila palipopunguzika, hata ndege tupu ikawa na kilo 1,680 tu. Iliruka mara ya kwanza tarehe 1 Aprili 1939, ikakubaliwa jeshini mwaka 1940, ambao kwa hesabu ya kifalme ya Japani ulikuwa mwaka wa 2600, na sifuri ya mwisho wa hesabu hiyo ndiyo iliyoipa jina. Namna iliyopigana Pearl Harbor, yaani A6M2 ya 21, ilikuwa na mabawa ya mita 12 kutoka ncha hadi ncha. A6M3 ya 32 ilikatwa ncha zikawa butu, mabawa yakabaki mita 11. A6M3 ya 22 ikarudishiwa mita zake 12. Na A6M5 ikarejea mita 11, safari hii kwa ncha za mviringo. Jumla ziliundwa ndege zaidi ya 10,000, na zaidi ya nusu ya hizo hazikutoka Mitsubishi hata kidogo: zilitoka kwa Nakajima, mshindani wake, aliyepewa michoro na kuamrishwa aunde pia.

Msomaji asiione orodha hiyo kuwa mzigo. Katika kipimo cha 1/72, ambacho ndicho kipimo kilichoenea zaidi kwa ndege ndogo za plastiki, mita moja inayotofautisha A6M2 na A6M5 huwa milimita 14, yaani milimita saba kila upande, na jicho lililozoea huiona tofauti hiyo kabla mkono haujanyosha rula. Mtengenezaji wa kasha la vipande vya kuunganishwa ambaye ametia ncha za mviringo penye mita 12, kisha akaandika juu ya kasha jina la namna nyingine, ametoa ushahidi wa uwongo juu ya ndege iliyokuwako, iliyobeba mtu mwenye jina na kuanguka mahali penye jina.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita haraka, nami napenda tukae nalo kitambo. Kupunguza si kugawanya kwa 72 tu. Urefu hukubali kugawanywa: mabawa ya mita 12 huwa sentimita 16 na milimita saba hivi, na kiwiliwili cha mita 9 na sentimita sita huwa sentimita 12 na nusu na kidogo. Lakini plastiki iliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ya chuma haikubali kuwa nyembamba kama bati la aluminiamu. Kioo cha chumba cha rubani kikiwa na unene wa milimita moja katika mfano, kingekuwa na unene wa zaidi ya sentimita saba katika ndege halisi, na rubani angetazama dunia kupitia ukuta. Ukingo wa nyuma wa bawa ukiachwa na unene wa nusu milimita, ni sawa na ubao wa sentimita tatu na milimita sita mahali ambapo ndege ya kweli ilikuwa kali kiasi cha kukata kidole. Na mistari inayoonyesha maungio ya mabati, ambayo wanunuzi huipenda na kuidai, hata ikichorwa kwa wembamba wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ingekuwa mifereji ya milimita saba katika ndege ambayo mafundi wa Nagoya walilaza vichwa vya ribiti zake visijitokeze ili upepo usipate mahali pa kushika. Kwa hiyo fundi mwaminifu hana budi kuamua ni wapi aongope ili ukweli uonekane, na ni wapi asiongope kabisa. Na uamuzi huo ndio unaomtenga mahiri na mbabaishaji, kwa maana rula haimsaidii tena hapo, linamsaidia jicho lililofunzwa na dhamiri.

Yako pia maumbo ambayo hayaonekani mpaka mtu aambiwe. Horikoshi alilipinda bawa la Zero kidogo kuelekea ncha, likainama kwa digrii mbili na nusu, ili ncha isipoteze hewa mapema ndege inapogeuka kwa nguvu. Na siri hiyo ya bawa ni sehemu ya wepesi uliowashangaza marubani wa Marekani. Makasha mengi ya zamani yalikuwa na bawa lililonyooka kama meza. Mtu akiliweka bawa la namna hiyo kwenye kiganja, akafumba jicho moja na kulitazama toka ncha hadi shina, atajua papo hapo kama mchoraji wa kalibu aliifahamu ndege au aliinakili picha.

Wenye sifa njema katika kazi hii ni Wajapani wenyewe, na sifa hiyo ina usuli wa kupendeza kwa watu wa nchi ya mbao kama yetu. Mji wa Shizuoka, ulio kati ya milima yenye misitu na bahari, ulikuwa tangu zamani mji wa maseremala na wachongaji; na makampuni makubwa ya ndege ndogo yalichipuka humo. Hasegawa ilianzishwa mwaka 1941 ikitengeneza mifano ya mbao ya kufundishia. Tamiya ilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao, ikaingia katika mifano ya mbao baada ya miaka michache, na haikutoa kasha lake la kwanza la plastiki ila mwaka 1960, nalo likawa manowari Yamato. Plastiki basi ilikuja juu ya mkono uliokwisha kuzoea randa na patasi. Nilipolifahamu jambo hilo niliwafikiria mafundi wa Butembo, wenye karakana kandokando ya barabara, wanaochonga fremu za tshukudu kwa jicho bila mchoro na kuzipatanisha pande mbili zisizidiane. Na sioni kitu chochote katika ustadi wa Shizuoka ambacho asili yake haipo tayari katika mikono hiyo. Kilichozidi huko ni michoro, kalibu za chuma, na desturi ya kutuma watu kwenye majumba ya makumbusho kuipima ndege yenyewe, kama ile A6M5 iliyotekwa Saipan mwaka 1944 na ambayo hadi zama zetu imeruka kwa injini yake ya asili kutoka jumba la ndege la Chino, California.

Rangi ni bahari nyingine. Mwezi Agosti 1945, Japani iliposhindwa, kumbukumbu nyingi za viwanda na za jeshi zilichomwa moto, na ndege nyingi zikafuata njia hiyo hiyo. Picha zilizobaki ni za rangi nyeusi na nyeupe, na baadhi ya filamu za wakati ule ziliionyesha rangi nyekundu kuwa nyeusi na ya samawati kuwa nyeupe. Kwa muda mrefu walimwengu waliamini kwamba Zero za mwanzo wa vita zilikuwa nyeupe au za kijivu cha mawingu. Baadaye watafiti walipovikagua vipande vya mabati vilivyookotwa na askari, vikiwa vimefichwa na jua ndani ya masanduku ya familia, wakakuta rangi ya kijivu iliyoelekea kwenye zaituni, na wengine wakaisoma kama rangi ya sukari guru. Na mjadala ulioanza hapo umewapatanisha baadhi ya watu na kuwatenganisha wengine. Mimi nawaunga mkono wale wanaoanzia kwenye bati, kwa kuwa bati lililokaa gizani halina sababu ya kudanganya, ilhali kumbukumbu ya mzee, hata mzee mwenye heshima, hufifia kama rangi ifanyavyo juani. Ndani ya mabawa na ndani ya mkia palipakwa vanishi angavu ya samawati iliyochanganyika na kijani, iitwayo aotake, yenye kung'aa juu ya bati. Na chumba cha rubani kilikuwa cha kijani ambacho kwa Mitsubishi kilikuwa tofauti na cha Nakajima. Fundi asiyejua ndege yake ilitoka katika kiwanda kipi hawezi kukipaka chumba hicho ila kwa bahati.

Ipo tena hadhari ya mwisho katika rangi: kitu kidogo kikipakwa rangi ile ile iliyotoka katika kopo la kiwanda huonekana cheusi kupita kiasi, kwa sababu kitu kikubwa tunakiona kwa mbali kupitia hewa nyingi inayokififisha. Wajuzi hutia nyeupe kidogo. Mtu wa Kanyabayonga asimamaye kwenye ukingo na kuitazama tambarare ya Rwindi asubuhi, akaona kijani cha miti kikigeuka samawati kadiri inavyokwenda mbali, hahitaji kuelezwa zaidi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mapambo ya watu wenye wasaa. Historia inawajibu. Mapema mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule za sekondari wachonge mifano ya mbao 500,000 ya ndege za pande zote, za rafiki na za adui, aina 50, kwa kipimo hicho hicho cha 1/72, waipake nyeusi tupu ili umbo peke yake lisomwe na jicho. Mifano iliyopindukia kipimo ilikataliwa. Hesabu yake ni nyepesi: mfano wa 1/72 ukiwekwa umbali wa mita 10 kutoka kwa mtazamaji ni sawa na ndege halisi iliyo umbali wa mita 720, na mpiga mzinga aliyeukariri mfano mbovu angeweza kumpiga mwenziwe au kumwachilia muuaji wake. Watu wa Kanyabayonga, waliouhama mji wao kwa makundi mwezi Juni 2024 vita vilipowafikia, hawana haja ya kushawishiwa kwamba kutambua chombo kilicho angani ni elimu ya kuokoa roho.

Nayo elimu hiyo inatuhusu kwa nasaba pia. Zero za jeshi la majini hazikufika kwetu. Zilipoushambulia mji wa Colombo tarehe 5 Aprili 1942, na Trincomalee siku nne baadaye, meli za Waingereza zilirudi nyuma hadi Kilindini, na shule ya Allidina Visram mjini Mombasa ikawa mahali pa kufumbua siri za maandishi ya Kijapani. Ndege moja ya Kijapani iliyozikaribia nchi zetu ilikuwa dhaifu, yenye maboya badala ya magurudumu, iliyobebwa ndani ya nyambizi I-10 na kuruka juu ya Diego Suarez, Madagaska, mwishoni mwa Mei mwaka huo. Bali watu wetu walizifuata ndege hizo kwao. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, iliteremka bonde la Kabaw nchini Burma kuanzia Agosti 1944, katika mvua na matope na homa, hadi mto Chindwin. Na hospitali ya vita kutoka Kongo ya Kibelgiji, yenye wauguzi na wabeba majeruhi wa Kikongo, ilihudumu katika uwanja huo huo wa Burma. Mmoja wa Wakongo waliopelekwa huko, koplo Albert Kunyuku, aliishi hadi akapokea nishani mkononi mwa mfalme wa Ubelgiji mjini Kinshasa mwezi Juni 2022, naye akiwa amefikia umri wa miaka mia.

Askari wa pande zile zote, Waingereza, Wahindi na Waafrika, waliporudi walisimulia habari za Zero zilizowashambulia. Katika Burma simulizi hiyo aghalabu imekosea. Ndege iliyowapigia risasi ilikuwa hasa Nakajima Ki-43 ya jeshi la nchi kavu, iliyoitwa Hayabusa, yaani kozi, na ambayo Wamarekani na Waingereza waliipa jina la siri la Oscar. Kosa lenyewe lina udhuru ulio wazi: zote mbili zilitumia injini iliyotoka kwa Nakajima, zote zilikuwa na pua ya mviringo na duara jekundu bawani, na marubani waliokwisha kupigana nazo mara nyingi walizichanganya pia. Lakini udhuru wa askari aliyelala tumboni katika tope hauwi udhuru wa fundi anayekaa mezani miaka 80 baadaye. Kasha lenye Zero, likiwekwa mbele ya mjukuu wa askari wa Kabaw kama ukumbusho wa babu yake, linamnyang'anya babu huyo adui wake halisi. Nami naona hiyo ni dhuluma ndogo iliyo nyepesi kuondolewa.

Tofauti zao zi wazi kwa anayezitafuta. Bawa la Zero hupungua kwa mbele na kwa nyuma lielekeapo ncha; bawa la Hayabusa lina ukingo wa mbele ulionyooka karibu kama mshazari haupo, na kupungua kwake kote kumeachiwa ukingo wa nyuma, alama ya familia ya ndege za Nakajima. Zero ina mizinga miwili mabawani. Hayabusa haina tundu lolote bawani, bunduki zake mbili zipo juu ya injini, na wepesi huo wa silaha ulikuwa aibu iliyowaudhi marubani wake hadi mwisho. Zero ina kulabu ya kunasia kamba kwenye manowari ya kubebea ndege. Hayabusa, mwana wa nchi kavu, haina. Kioo cha Zero ni kirefu chenye fremu nyingi. Cha Hayabusa ni kifupi chenye fremu chache. Na Ki-43 ya kwanza ilikuwa na rafadha ya mapanga mawili na mabawa ya mita 11.44, ilhali ya pili, iliyoenea Burma wakati wa Kabaw, ilikuwa na mapanga matatu na mabawa yaliyofupishwa hadi mita 10.84.

Makasha haya ni ghali na njia ya kufika Kanyabayonga ni ndefu. Lakini kijana achongaye Fuso anaweza kuchonga Hayabusa, na plastiki si sharti. Achague ubao mwepesi uliokaushwa kivulini, asishike mkaratusi mbichi unaopasuka. Kwa kipimo cha 1/20 bawa la Ki-43 ya pili ni sentimita 54.2 na urefu wa ndege ni sentimita 44.6. Achore nusu ya bawa juu ya karatasi ya mraba mraba, akikumbuka ukingo wa mbele ulionyooka, aikunje karatasi ili nusu ya pili iwe sawa na ya kwanza, kisha ahesabu miraba: ndege halisi ilikuwa na bawa la mita za mraba 21.4, kwa hiyo mchoro wake wote, pamoja na sehemu inayopita chini ya tumbo, uwe na sentimita za mraba 535. Hesabu ikizidi sana au ikipungua, mchoro umekosea hata kama unapendeza. Akiisha kuchonga, aache mgongo na mabawa na rangi ya bati, kisha adondolee kijani kwa matone yasiyolingana, maana Hayabusa nyingi zilitoka kiwandani bila rangi ya kujificha na kupakwa uwanjani kwa haraka, na rangi hiyo ilibambuka vibaya. Ila asizidishe mikwaruzo kwa kupenda mikwaruzo, bali aifuate picha moja ya ndege moja. Ikiwa picha hiyo ni ya kikosi cha 64, ambacho kamanda wake Tateo Kato alikufa juu ya ghuba ya Bengali tarehe 22 Mei 1942, atauona mshale wa mshazari mkiani, na rangi ya mshale ilitofautiana kwa kila kikundi ndani ya kikosi, kwa hiyo asiipake kabla hajajua ndege yake ilikuwa ya kikundi kipi. Na kwenye kibao cha kusimamishia ndege aandike aina yake, nchi ilikorukia na mwaka: Ki-43-II, Burma, 1944.